Shajara ya mradi: vidirisha vya faili na folda vifuate mandhari meusi

Mwanzo wa Mei: hali ilivyo na tunachokusudia

Programu yetu ya kunukuu rekodi za sauti imekuwa na mandhari meusi tangu toleo lililopita, na dirisha kuu, menyu na uwanja wa kuandikia nukuu vyote husomeka vizuri usiku. Kilichosalia ni vidirisha vya kufungulia faili na kuchagulia folda. Mtu anayenukuu mahojiano saa tano usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa na mwangaza wa skrini umepunguzwa, akibofya kitufe cha "Fungua rekodi" humulikwa ghafla na dirisha jeupe lililojaa orodha ya faili, na anaporudi kwenye nukuu yake huona maandishi yamefifia mpaka macho yazoee tena. Rekodi ndefu hugawanywa vipande vipande, kwa hiyo mnukuzi hufungua faili mara nyingi katika kikao kimoja, na kila mara humulikwa vivyo hivyo.

Uamuzi wa kwanza nauandika hapa ili usije ukasahaulika tutakapobanwa na muda: hatutachora kidirisha chetu wenyewe. Zipo maktaba zinazofanya hivyo. JFileChooser ya Java Swing, kwa mfano, huchorwa yote na Java, na kwa sababu hiyo hukubali rangi yoyote anayoitaka msanidi. Hata hivyo kidirisha cha mfumo hubeba vitu ambavyo hatuwezi kuviiga kikamilifu: folda alizozibandika mtumiaji pembeni, diski za mtandao wa ofisi, hifadhi za mtandaoni alizoziunganisha, njia za mkato za kibodi alizozizoea, na maelewano kati ya kidirisha na programu za kusoma skrini wanazozitegemea wasioona. Kumnyima mtumiaji hayo yote kwa ajili ya rangi ni kumpunja. Kidirisha ni cha mfumo endeshi na programu hukiazima. Kazi yetu ni kuutangazia mfumo, mapema na kwa usahihi, kwamba tunakubali mandhari meusi, kisha tuuache uchore wenyewe.

Uamuzi wa pili unafuatana na huo. Katika mipangilio yetu chaguo la msingi litakuwa "Fuata mfumo", na vidirisha vitafuata kile ambacho mtumiaji amekichagua kwa kompyuta yake nzima. Ameshasema mara moja anachokipenda, na si haki kumlazimisha akirudie katika kila programu.

Wiki iliyofuata: Windows na msimbo wa zamani

Nimeanza na Windows kwa kuwa huko ndiko kazi ilipo kubwa zaidi. Mandhari meusi ya File Explorer yalikuja na sasisho la Oktoba 2018 la Windows 10, yaani toleo 1809 lenye namba ya ujenzi 17763, na tangu hapo kidirisha cha kawaida cha faili kinaweza kuwa cheusi. Sharti ni kwamba kiwe kile cha aina mpya, IFileDialog, kilicholetwa na Windows Vista. Kwetu hakikuwa hicho.

Msimbo tulioukuta una njia mbili. Kufungua rekodi hutumia GetOpenFileName, na kuchagua folda ya kuhamishia nukuu hutumia SHBrowseForFolder. Uliandikwa wakati programu ilipaswa kuendeshwa kwenye Windows XP pia, ambayo haina IFileDialog, na umetumika bila taabu kwa miaka mingi. GetOpenFileName peke yake isingekuwa tatizo, kwa sababu tangu Vista fanksheni hiyo huonyesha kidirisha cha aina mpya ilimradi haikuongezewa kitu. Sisi tuliiongezea. Chini ya orodha ya faili tulichomeka orodha ndogo ya kuchagua lugha ya rekodi, na ili ikae pale, msimbo uliwasha alama mbili, OFN_ENABLEHOOK na OFN_ENABLETEMPLATE. Windows ikiona alama hizo hurudi kwenye kidirisha cha mtindo wa zamani, kwa kuwa hicho ndicho kinachoweza kupokea kiolezo cha mtu mwingine ndani yake, na kidirisha hicho cha zamani hakikuandaliwa kwa mandhari meusi. SHBrowseForFolder nayo ni ya zamani vivyo hivyo: mti wa folda juu ya mandharinyuma meupe, na hubaki meupe hata File Explorer ikiwa nyeusi tii.

Zipo njia za kujaribu kuvilazimisha vidirisha hivyo vya zamani. Mtu anaweza kukamata kila kidhibiti kilicho ndani yake, akakipa SetWindowTheme yenye jina "DarkMode_Explorer", kisha akajibu ujumbe wa WM_CTLCOLORSTATIC kwa brashi ya rangi nyeusi. Niliitazama njia hiyo kwa makini kabla ya kuiweka kando. Mti wa folda hukubali, na upau wake wa kusogeza hubadilika vizuri. Lakini vitufe, maandishi na mistari ya kutenganisha kila kimoja hudai matunzo yake, na sasisho lolote la Windows linaweza kubadilisha mpangilio wa ndani tuliouotea. Hiyo ni sawa na kupaka rangi nyumba ya kupanga bila kumwambia mwenye nyumba. Nimependelea kuhama.

Kazi ya kuhama imekwenda hivi. Kwa folda, tunaunda IFileOpenDialog na kuipa alama ya FOS_PICKFOLDERS, pamoja na FOS_FORCEFILESYSTEM ili mtumiaji asichague mahali pasipo na njia halisi kwenye diski. Mabadiliko haya peke yake yamekuwa na manufaa makubwa kuliko rangi: badala ya mti mwembamba, mtumiaji sasa ana upau wa anwani anaoweza kubandika njia ya folda, ana sehemu ya kutafutia, na anaona folda zake alizozibandika. Kwa rekodi, ile orodha ya lugha tumeihamishia kwenye IFileDialogCustomize, ambayo hutuwezesha kuuambia mfumo "weka hapa orodha yenye vipengele hivi" kwa AddComboBox na AddControlItem, na mfumo wenyewe ndio unaoichora. Hatuna tena mamlaka ya kuamua ikae wapi hasa, na hilo nalikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa anayeichora ndiye anayejua rangi ya mandharinyuma yake.

Jambo moja dogo linalostahili kukumbukwa na atakayeusoma msimbo huu baadaye ni SetClientGuid. Kila kidirisha kikipewa kitambulisho chake, Windows hukumbuka folda ya mwisho ya kila kimoja peke yake. Tulivipa kidirisha cha rekodi na kidirisha cha kuhamishia nukuu vitambulisho viwili tofauti, ili mtu anayesoma rekodi kutoka diski ya nje na kuhifadhi nukuu kwenye folda ya kazi asipelekwe kila mara mahali asipopataka. Vilevile Show lazima ipewe dirisha linalokimiliki kidirisha. Ikipewa thamani tupu, kidirisha kinaweza kujificha nyuma ya dirisha kuu na mtumiaji akadhani programu imeganda.

Katikati ya Mei: kuutangazia mfumo

Kidirisha cha aina mpya hakibadiliki kuwa cheusi chenyewe. Kinachorwa ndani ya mchakato wa programu yetu, na Windows huichukulia programu ya kawaida ya Win32 (aina ya asili ya programu za Windows) kuwa haielewi mandhari meusi mpaka iseme vinginevyo. Namna ya kusema hivyo imo ndani ya uxtheme.dll, maktaba ya mandhari ya Windows, katika fanksheni ambazo hazina majina yaliyotangazwa, zinaitwa kwa namba ya mpangilio tu. Namba 135 ndiyo inayotuhusu zaidi.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Katika toleo 1809 namba 135 ilikuwa AllowDarkModeForApp, inayopokea ndiyo au hapana. Kuanzia toleo 1903, lenye namba ya ujenzi 18362, namba hiyohiyo ikawa SetPreferredAppMode, inayopokea moja kati ya thamani kadhaa: 0 ni hali ya kawaida, 1 ni kuruhusu giza, 2 ni kulazimisha giza, 3 ni kulazimisha mwanga. Kwa kuwa sisi tunataka kuruhusu tu, thamani 1 hufaa pande zote mbili, kule ikimaanisha ndiyo na huku ikimaanisha kuruhusu. Hata hivyo sikutaka msimbo uegemee bahati hiyo. Tunasoma namba ya ujenzi kwa RtlGetVersion, kwa sababu GetVersionEx huweza kutoa jibu la toleo la zamani kwa programu ambayo faili yake ya maelezo haikutaja Windows mpya, kisha tunachagua aina sahihi ya fanksheni kwa kila toleo.

Kwa kuwa fanksheni hizi hazikuandikwa katika nyaraka rasmi, zinaweza kuondolewa siku yoyote. Kwa hiyo msimbo huipakia uxtheme.dll kutoka folda ya mfumo pekee, huiomba namba 135, na ikipata jibu tupu huendelea bila kulalamika: kidirisha kitakuwa cheupe, lakini kitafunguka. Programu ya watu haiwezi kukataa kufungua faili kwa sababu ya rangi. Mwito huu nimeuweka mwanzoni kabisa mwa programu, kabla dirisha lolote halijaundwa, kwa sababu dirisha linalotangulia tangazo huzaliwa jeupe.

Upau wa kichwa wa madirisha yetu wenyewe una njia yake, nayo ni rasmi: DwmSetWindowAttribute yenye sifa ya DWMWA_USE_IMMERSIVE_DARK_MODE, ambayo thamani yake ni 20. Katika matoleo ya awali ya Windows 10 thamani 19 ndiyo iliyofanya kazi, kwa hiyo tunajaribu 20 kwanza, na ikikataliwa tunajaribu 19. Sifa hii huwekwa kabla dirisha halijaonyeshwa. Ikichelewa, upau mweupe huonekana kwa nukta moja kisha hugeuka, na jicho hulinasa hilo mara moja.

Siku chache baadaye: mtumiaji akibadilisha mandhari katikati ya kazi

Chaguo la mtumiaji limo katika rejista ya Windows, yaani hifadhi yake ya mipangilio, chini ya ufunguo wa mtumiaji wa sasa, katika Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Themes\Personalize, kwa jina la AppsUseLightTheme: 0 ni meusi, 1 ni meupe. Mabadiliko yakitokea, madirisha yote hupokea ujumbe wa WM_SETTINGCHANGE wenye maneno "ImmersiveColorSet". Ujumbe huo huweza kuja zaidi ya mara moja kwa badiliko moja, kwa hiyo tunalinganisha thamani mpya na ya zamani, na tunachora upya pale tu zinapotofautiana. Bila ulinganisho huo, dirisha kuu lilikuwa linamemeteka, na mnukuzi mwenye rekodi ndefu iliyofunguliwa alikuwa anaona orodha yake ikijengwa upya mara kadhaa.

Kuna kundi la watumiaji ambalo mandhari meusi hayapaswi kuligusa kabisa. Mwenye uoni hafifu aliyewasha utofautishaji mkubwa wa rangi amechagua rangi zake kwa sababu ya afya, na rangi hizo zinaweza kuwa maandishi ya njano juu ya weusi au mpangilio mwingine wowote unaomfaa. Kabla ya kutumia rangi yoyote ya kwetu tunauliza SystemParametersInfo kwa SPI_GETHIGHCONTRAST, na jibu likiwa ndiyo tunaacha kila kitu mikononi mwa mfumo. Nimeandika jaribio maalumu kwa ajili ya hali hii, na ninaomba yeyote atakayeigusa sehemu hii ya msimbo asiliondoe.

Mwisho wa Mei: Linux na lango la mipangilio

Toleo letu la Linux linatumia GTK 3, maktaba ya kuchorea madirisha. Kule hali ilikuwa imegawanyika: baadhi ya watumiaji walikuwa wanapata kidirisha cheusi kwa sababu wamechagua mandhari ya GTK ambayo yenyewe ni meusi, na wengine walikuwa na mfumo wenye giza lakini kidirisha cheupe. Tofauti inatokana na historia. Kwa muda mrefu hapakuwa na njia moja ya mtumiaji kusema "napendelea giza" ikaeleweka na programu zote. elementary OS 6 ya mwaka 2021 na GNOME 42 (mazingira ya eneo-kazi) ya mwaka 2022 ndizo zilizoleta chaguo hilo kwa watumiaji wao, na sasa linapatikana kupitia lango la XDG, huduma inayozipa programu mipangilio na vidirisha vya mfumo, kwenye basi la ujumbe la D-Bus: kiolesura org.freedesktop.portal.Settings, kundi org.freedesktop.appearance, ufunguo color-scheme. Jibu ni namba: 0 hana upendeleo, 1 anapendelea giza, 2 anapendelea mwanga.

Kusoma namba hiyo kulituonyesha jambo la kuzingatia. Mwito wa zamani, Read, hurudisha thamani iliyofungwa ndani ya bahasha mbili, variant ndani ya variant, na anayefungua bahasha moja tu hapati namba. Toleo la pili la kiolesura liliongeza ReadOne, inayorudisha bahasha moja. Tunauliza toleo la lango kwanza, tunatumia ReadOne inapokuwepo, na Read pasipokuwepo nyingine. Baada ya hapo tunasikiliza ishara ya SettingChanged, na thamani ikiwa 1 tunaiwasha gtk-application-prefer-dark-theme. Hiyo inatosha kwa kidirisha kinachochorwa ndani ya mchakato wetu.

Katika Flatpak, yaani programu ikifungashwa na kuendeshwa ndani ya uzio wake, mambo ni tofauti. GtkFileChooserNative hupitia lango, na kidirisha huchorwa na mchakato mwingine kabisa wa mazingira ya mtumiaji, uwe wa GNOME, wa KDE (eneo-kazi jingine la Linux) au wa GTK. Mitindo yetu haikifikii, na tumefurahi kwamba haikifikii: kwenye KDE mtumiaji anapata kidirisha cha KDE chenye rangi alizozichagua. Tatizo lilikuwa tena ile orodha ya lugha. Katika msimbo wa GTK ilikuwa imewekwa kwa gtk_file_chooser_set_extra_widget, na lango hulipuuza ombi hilo kimyakimya, bila kosa wala onyo, hivyo mtumiaji wa Flatpak hakuwahi kuiona. Tumeihamishia kwenye gtk_file_chooser_add_choice, iliyokuja na GTK 3.22, ambayo lango huielewa na kuichora lenyewe. Ni hali ileile ya Windows: tulichokichomeka wenyewe ndani ya kidirisha ndicho kilichokuwa kinaleta shida, na dawa ni kuueleza mfumo tunachokihitaji badala ya kuukabidhi kitu kilichokwisha chorwa.

Wasanidi wenzangu wanaotaka kujaribu bila kujenga Flatpak wanaweza kuiendesha programu na GTK_USE_PORTAL=1, kisha wabadilishe chaguo kwa amri hii kwenye GNOME: gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme 'prefer-dark'.

Juni: macOS

Huku kazi imekuwa fupi. Mandhari meusi yalikuja na macOS 10.14, Mojave, mwaka 2018, na programu iliyojengwa kwa vifaa vya usanidi vya toleo hilo au vya baadaye huyapata bila kuomba, isipokuwa faili ya maelezo ya programu, Info.plist, iwe na NSRequiresAquaSystemAppearance, ufunguo unaolazimisha mwonekano mweupe. Ya kwetu ilikuwa nayo, kwa sababu dirisha kuu halikuwa tayari wakati ule. Tumeiondoa, na NSOpenPanel na NSSavePanel, vidirisha vya macOS vya kufungulia na kuhifadhia faili, zikafuata mfumo papo hapo.

Orodha ya lugha, ambayo huku hukaa katika accessoryView, sehemu ya nyongeza ya kidirisha, ilihitaji marekebisho: lebo yake ilikuwa imepewa rangi nyeusi moja kwa moja, na juu ya kidirisha cheusi haikusomeka kabisa. Sasa inatumia labelColor, inayobadilika yenyewe. Mandharinyuma ya sehemu hiyo yalikuwa yamewekwa kwenye tabaka la chini kama CGColor, ambayo haibadiliki mandhari yakibadilika, na tangu macOS 10.15 mtumiaji anaweza kuuachia mfumo ubadilishe mandhari wenyewe jioni, hata kidirisha kikiwa wazi. Tumeyafuta mandharinyuma hayo kabisa; kidirisha kina ya kwake.

Hali ya sasa

Tawi la msimbo, yaani nakala yenye mabadiliko haya, limejengwa kwa mifumo yote mitatu. Kwenye Windows nimelipitia likiwa na mandhari meusi, meupe na utofautishaji mkubwa, kwa kibodi peke yake na kwa programu ya kusoma skrini, na orodha ya lugha inasomwa kwa jina lake katika kila hali. Kwenye GNOME nimejaribu ndani na nje ya Flatpak. Bado sijalipitisha kwenye KDE, na humo nataka kuangalia mambo mawili: kama orodha ya lugha huonekana kamili jina la lugha linapokuwa refu, na kama dirisha kuu hugeuka mtumiaji anapobadilisha rangi za Plasma, eneo-kazi la KDE, huku kidirisha kikiwa wazi. Hayo yakikamilika tawi litaunganishwa, na toleo la majaribio litapelekwa kwanza kwa wanukuzi wanaofanya kazi usiku, pamoja na ombi kwamba watuandikie ni dirisha gani, kama lipo, ambalo bado linawamulika.